Mrija wa Kweyu

Sehemu ya kumi na moja

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Millicent.

Ndiyo, msomaji wangu, Millicent yule yule aliyesimama bega kwa bega na Beldina kwenye kwaya kwa miaka tisa. Juma lililopita tulimwacha Beldina Muhonja, mpika pombe ya busaa, mbele ya mikrofoni, ukumbi wa mtaa wa Huruma umejaa mpaka madirishani, akiwauliza watu swali moja kwa kiburi: "Nani hapa ameumizwa na busaa yangu? Ainue mkono nimwone!"

Alitarajia makofi. Akapata mkono wa rafiki yake.

"Mimi," Millicent alisema. Hakuhitaji mikrofoni. "Mume wangu Kweyu haoni tangu Jumapili asubuhi. Yuko hospitalini anapapasa ukuta akienda choo. Mimi ndiye niliyeumizwa, Beldina. Ulitaka kuniona, si ndiyo? Haya, nione!"

Ukumbi ulilipuka. Wale wale waliokuwa wakimshangilia Beldina dakika mbili zilizopita walianza kumzomea, na mwanamke mmoja karibu na dirisha alivua kiatu akakishika mkononi.

"Haoni?" Beldina aliuliza. "Kweyu? Si mlisema ni presha?"

"Nilisema presha kwa sababu niliona aibu. Daktari amesema ni pombe mbaya. Aliinywa Jumamosi jioni. Na Jumamosi Kweyu hunywa wapi? Waambie! Miaka minane, kila Jumamosi, hunywa wapi?"

Kila mtu mle ndani alijua jibu.

Tukumbushane kidogo tulikofika, kwa yule aliyelikosa gazeti. Kamati ya kukusanya maoni ilikuwa imekuja Huruma siku hiyo ya Alhamisi kuuliza wananchi jambo moja: je, busaa iruhusiwe kuuzwa mitaani kwa leseni, au iendelee kuwa kosa? Kijana mmoja wakili wa kamati alikuwa amefungua kikao kwa maneno matamu. Alisema busaa ni kosa lisilo na mwathiriwa. Anayeuza ametaka, anayenunua ametaka, hakuna aliyelia. Sasa sheria inamtetea nani? Watu walimpigia makofi kijana wa watu mpaka akaona haya.

Sasa kijana huyo alikuwa ameinamia karatasi zake kama aliyepoteza kitu humo.

"Mwenyekiti!" Aliyesimama safu ya mbele alikuwa Koplo Mulwa. Mwanaume mwenye kitambi, bunduki begani, na tabasamu ambalo wapika pombe wote wa Huruma walilifahamu. "Nafikiri maoni yametosha. Huyu mama amempofusha mtu. Anaenda na mimi."

"Koplo, keti," alisema mwenyekiti, Gachanja.

"Mwenyekiti, kuna mgonjwa hospitali..."

"Nimesema keti. Hiki ni kikao changu, si kituo chako." Mzee Gachanja alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini kabla ya kupewa uenyekiti wa kamati, na sauti yake ya darasani haikuwa imechuja. Mulwa aliketi, lakini aliketi ukingoni mwa kiti.

"Mama Beldina, umesikia. Unajibu nini?"

Hapo ndipo Beldina alipohisi damu inampanda kichwani. Kwa sababu alikuwa na jibu. Jibu safi, la kumtoa hapo mzima. Na hakuweza kulisema.

Sikiliza, msomaji, uone vile sheria inaweza kumshika mtu koo. Jumamosi hiyo, saa sita mchana, Koplo Mulwa mwenyewe alikuwa ameingia kwa Beldina na askari wawili. Wakapindua mapipa yote. Busaa ya siku nne, unga alioukaanga mwenyewe kwa bati mpaka macho yakavimba kwa moshi, yote ikaenda mtaroni. Kisha Mulwa akanyoosha kiganja kama kawaida yake, akapewa chai, akasema: "Mama, sisi leo hatukuja hapa." Wakaondoka. Hakuna kilichoandikwa kituoni, hakuna aliyekamatwa.

Kwa hiyo Jumamosi jioni kwa Beldina hapakuwa na tone. Kweyu angekunywa nini?

Lakini ili aseme hivyo, ilimbidi kwanza akiri kwamba alipika. Kisha akiri kwamba alihonga. Angejivua kosa moja huku akijivika mawili, mbele ya askari mwenyewe aliyekula ile hongo. Hasira ilimjaa Beldina kwa kuona jinsi alivyofungwa barabara.

Alitupa jicho nyuma ya ukumbi kumtafuta mumewe. Makokha alikuwa ameketi kiti cha mwisho karibu na mlango, ameupakata mkoba wa Beldina. Hakuinua uso. Tangu Jumapili mwanaume huyo alikuwa haongei, chakula anakisukuma tu pembeni ya sahani. Beldina alidhani anaogopea biashara. Na hata hiyo Jumamosi, baada ya polisi kuondoka na Beldina kwenda mtaa wa Komarock kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake, alirudi saa mbili usiku akakuta Makokha ameosha bilauri za wageni na kuzipanga kwenye sinia. Mwanaume ambaye miaka kumi na minane hakuwahi kuosha hata kijiko! Alimtania usiku ule kwamba polisi warudi kila wiki, nyumba iwe safi.

"Mama Beldina," Gachanja alirudia, "tunakusubiri."

Beldina aliyaondoa macho kwa mumewe. Akamgeukia Mulwa.

"Koplo. Unasema nimempofusha mtu kwa busaa. Unao ushahidi kwamba mimi napika busaa? Ulishawahi kunikamata? Nionyeshe hata karatasi moja yenye jina langu kule kwako."

Alilisema kwa ujanja. Alijua hakuna karatasi. Alijua pia kwamba Mulwa ni mtu wa majivuno, na majivuno yake yalikuwa yamekwisha kuguswa mara mbili na mwalimu mstaafu mbele ya watu.

Mulwa alicheka. "Ushahidi? Ati ushahidi!" Akamwashiria askari mwenzake kwa kidole. "Nenda kwa gari. Leta ule mzigo uko nyuma ya kiti."

Watu walianza kunong'ona. Askari alirudi amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa gunia, akakitupa juu ya meza ya kamati. Gunia likafunguka.

Ilikuwa mirija. Mirija ishirini na kitu, mirefu, imefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu.

Kama hujawahi kuketi kwa Beldina, hutaelewa ni kwa nini wazee walioko ukumbini waliguna kwa pamoja kana kwamba wametukanwa. Kwa Beldina hapakuwa na mikebe wala vikombe vya kunywea busaa. Chungu kilikaa katikati, wanaume wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake. Mrija ulikuwa wa mtu mmoja, wenye alama yake, na ulining'inia ukutani kwa Beldina mpaka mwenyewe aje. Mzee angekuazima koti, angekuazima hata kitanda. Mrija, ng'o! Na ambaye mrija wake haukuwepo hakunywa, hata chungu kikifurika. Aliketi tu akapiga domo na wenzake mpaka jioni, akaenda zake.

"Hivi ndivyo vidude vyao," Mulwa alisema, akiinua mmoja kwa vidole viwili kama aliyeshika mkia wa panya. "Uchafu mtupu. Vilikuwa ukutani kwa huyu mama. Nilivichukua mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Sasa akatae kwamba hapiki!"

"Ulivichukua lini, Koplo?" Gachanja aliuliza, kalamu mkononi.

"Jumamosi!" Mulwa aligeuka akawatazama watu. Hapa ndipo alipojiona ameshinda, maskini. "Jumamosi hii iliyopita, mwenyekiti, saa sita mchana. Siku ile ile Kweyu alipokunywa! Nilikuta mapipa matatu yamejaa. Kwa hiyo asituambie eti hakuwa na pombe siku hiyo."

Beldina alihisi moyo unamruka. Aliuma mdomo ili asicheke.

"Na hayo mapipa matatu, Koplo," aliuliza polepole, "uliyafanyia nini?"

"Nini? Nilimwaga! Yote! Sikuacha hata ya kulowesha kidole."

"Saa sita mchana."

"Saa sita mchana!"

"Ni kweli." Sauti ilitoka upande wa akina mama waliojitanda shela. Alikuwa Nurto, jirani wa Beldina ukuta kwa ukuta, anayeuza maziwa ya ngamia. "Mimi pombe siitaki. Ni haramu, na hata Beldina mwenyewe nimemwambia mara mia. Lakini Jumamosi huyu askari aliimwaga mpaka ikaingia kwangu, mpaka chini ya mkeka. Nimeosha sakafu mara tatu ndipo nikaswali adhuhuri, na nikachelewa. Mwulizeni kama ameniomba msamaha."

Watu walicheka, cheko fupi la hasira. Mulwa alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa hajajua bado.

Beldina alishuka jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akafungua ile kamba ya kiatu, akaanza kuchagua. Mmoja. Mwingine. Mwingine. Kisha akavuta mrija mmoja uliozungushiwa uzi wa bluu, ule uzi ambao mafundi wa mawe huuvuta kunyoosha ukuta. Akautembeza mpaka mbele ya Millicent.

"Huu ni wa nani?"

Millicent aliutazama. Uzi kama huo ulikuwa umening'inia msumarini nyumbani kwake tangu siku aliyoolewa.

"Wa Kweyu," alisema.

"Jumamosi mumeo alitoka nyumbani saa ngapi? Usiniogope, na usinihurumie. Sema vile ilivyokuwa."

Msomaji wangu, Millicent angeweza kudanganya. Alikuwa na kila sababu. Mume kipofu, watoto watatu, ukumbi mzima uko upande wake. Lakini mwanamke yule, hata akiwa na uchungu wa namna gani, hakujua kusema uongo.

"Alirudi kutoka kazini saa nane," alisema. "Akala. Akatoka saa kumi."

"Saa kumi. Na busaa yangu ilikuwa mtaroni tangu saa sita. Na mrija wake ulikuwa nyuma ya kiti cha gari la polisi." Beldina aliinua ule mrija juu ukumbi mzima uone. "Wazee mlioko hapa! Kuna mmoja wenu angekunywa kwa mrija wa mwenzake?"

"Haiwezekani!" walijibu kama kwaya.

"Kuna mmoja wenu nimewahi kumpa kwa kikombe?"

"Hapana!"

"Basi Kweyu hakunywa busaa ya Beldina. Na aliyethibitisha hivyo si mimi. Ni Koplo!"

Tabasamu la Mulwa lilizimika. Ukumbi uligeuka kwa mara ya pili siku hiyo, na mara hii ulimgeukia yeye. Mama aliyeshika kiatu alikirusha, kikapita juu ya kichwa cha wakili.

"Niulize mimi sasa," Gachanja alisema, na kalamu yake ilikuwa imesimama. "Koplo, ulimkuta mama na mapipa matatu. Kwa nini hukumkamata? Ilirekodiwa wapi hiyo?"

"Mwenyekiti, hayo ni mambo ya kituo..."

"Wacha niseme mimi!" Beldina alinyakua mikrofoni. Sasa hapakuwa na cha kuficha, na miaka yote aliyoimeza ilimtoka kwa mkupuo. "Hakunikamata kwa sababu alikula! Anakula kila wiki, na mimi nampa, na nimechoka kumpa! Ndiyo, napika busaa! Andika jina langu lote, mwenyekiti, Beldina Muhonja, andika kwa herufi kubwa! Mama yangu alipika, nyanya yangu alipika, kule kwetu mtoto hatahiriwi na mzee hazikwi bila busaa. Nikaja hapa Nairobi nikaambiwa ni kosa. Sawa. Kosa kwa nani? Huyu hataki nisiuze! Nisipouza atakula wapi? Anataka niuze nikiogopa!"

Watu walipiga meza, wakapiga viti, wakapiga mluzi.

"Na mkimwaga yangu, mnafikiri wanaume wanaenda nyumbani kulala? Wanaenda kutafuta nyingine! Jumamosi mlimwaga busaa ambayo haijawahi kumwumiza mtu kichwa, na jioni Kweyu akaenda kunywa sumu gizani, kwa mtu asiyejulikana hata mama yake! Nani amempofusha sasa? Mimi niliyemwagiwa, au aliyemwaga?"

Kelele zile zilitikisa mabati. Nyuma kabisa, karibu na mlango, ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga makofi. Alikuwa bado ameupakata mkoba.

"Nyamazeni!"

Alikuwa Millicent. Alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Nyamazeni, nasema! Mnapiga makofi ya nini? Mnacheza ngoma juu ya macho ya mume wangu?"

Watu walishusha mikono.

"Beldina, nimesema ukweli na sitaurudisha. Hukumpofusha. Lakini usiniambie hakuna uliyemwumiza!" Alikuwa akilia, na kulia kwenyewe kulimzidishia hasira. "Miaka minane, kila Jumamosi, napakua sahani tano. Nne zinaliwa, moja inapoa. Watoto wangu wamejua kuhesabu hatua za baba yao kwenye ngazi kabla ya kujua kusoma. Hanipigi, hapana. Hanitusi. Anaingia tu ananuka kwako, analala, na Jumatatu imefika. Wewe kijana wakili! Unasema anayeuza ametaka, anayenunua ametaka. Mimi ulinitafuta lini ukaniuliza kama nimetaka?"

Kijana alichukua kalamu, akaanza kuandika.

Maneno yale yalimpata Beldina pale pale panapouma. Mara ngapi alikuwa amemwona Kweyu akichelewa kuinuka, akamwambia "ongeza kidogo, fundi," kwa sababu biashara ni biashara? Mara ngapi alikuwa amekutana na Millicent Jumapili kanisani, wakakumbatiana, na hakuna aliyesema kitu?

"Ni kweli, dada yangu," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hilo ni langu. Sitalikataa. Lakini nikuulize. Ungetaka kunilalamikia, ungeenda wapi? Kwa Mulwa? Angekuja kwangu kuchukua chai yake na kuniambia ni wewe uliyesema. Kama ningekuwa na leseni, ningekuwa na saa ya kufunga. Ungekuja na kamati hii ukasema, huyu mwanamke anamkalisha mume wangu mpaka saa nne, mfungieni. Na wangenifungia! Sasa hivi mimi ni mwizi na wewe huna pa kulilia. Wote wawili tumetupwa nje, ni Koplo peke yake aliye ndani."

Millicent alishuka kwenye kiti.

"Nataka kitu kimoja tu," alisema. "Nataka kumjua aliyempa Kweyu ile pombe. Hayo mengine nyinyi pelekeni bungeni."

"Tutamjua!" Beldina alisema, na moto ukamrudia. Aligonga mrija wa Kweyu juu ya meza. "Nakuahidi mbele ya hawa watu wote. Aliyempa Kweyu sumu ile, awe tajiri, awe askari, awe ametoka tumbo moja na mimi, nitamtaja kwa jina lake hapa hapa kwenye mikrofoni hii. Hatajificha kwa mtu. Aibu iwe yake!"

"Aibu iwe yake!" ukumbi uliitikia.

Na hapo simu ya Millicent ikalia.

Aliitazama namba asiifahamu, akaiweka sikioni. "Hallo? ... Kweyu! Ni simu ya nani hiyo? ... Ya mgonjwa mwenzako. Sawa. Niko kwa mkutano. ... Nani? ... Kwa nini yeye?" Alisikiliza kidogo, uso ukakunjamana. Kisha akamnyooshea Beldina simu. "Anataka kuongea na wewe. Ati wewe kwanza."

Beldina aliipokea. Watu walivuta shingo.

"Shemeji," sauti ya Kweyu ilisema. Ilikuwa dhaifu lakini ni yake. "Shemeji, wameniambia kuna mkutano na kwamba wanataka kukufunga. Nimeshindwa kunyamaza. Si wewe."

"Najua si mimi, fundi. Pole sana. Ni nani? Sema tu. Nani alikupa?"

Kweyu alianza mbali.

"Nilikuja kwako saa kumi, shemeji. Nikakuta ukuta mtupu. Mirija hakuna. Nikataka kurudi nyumbani, naapa, nilikuwa nimeshageuka. Akaniambia niketi, nisiende, ati kuna kitu kingine cha kutuliza roho siku moja tu, mpaka wewe upike tena. Akanimiminia kwa zile bilauri za wageni. Zile zenye maua."

Bilauri. Zimeoshwa. Zimepangwa kwenye sinia.

Beldina aliinua macho. Ng'ambo ya vichwa vyote vile, Makokha alikuwa amesimama. Alikuwa akimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na taratibu, taratibu sana, alikuwa akitikisa kichwa. Usiseme. Miaka kumi na minane na watoto wanne ilikuwa katika kutikisa kichwa kule.

"Hakujua ni sumu, shemeji," Kweyu alisema sikioni. "Mimi simchukii. Makokha ni ndugu yangu. Nimetaka tu ujue wewe kwanza, ndipo uamue."

"Mama Beldina?" Gachanja aliita. "Anasemaje?"

Alikuwa ameshinda. Fikiria hilo, msomaji. Ametoka mtegoni mzima, amemwumbua Mulwa, ukumbi wote ni wake. Angesema tu, "Hakumbuki, ana homa," nani angemkatalia? Angemrudishia Millicent simu, angetoka mlangoni akipigiwa makofi, na usiku angelala pembeni ya mume aliyempofusha rafiki yake kisha akaosha bilauri.

Millicent alikuwa amesimama mbele yake na mikono imelegea. Alingoja tu.

Na hasira iliyompanda Beldina wakati ule haikufanana na ile ya mwanzo. Ile aliyommwagia Koplo ilikuwa tamu. Hii ilimchoma mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa amesimama hapa akijigamba kwamba kwake hapatoki sumu, na mwanaume huyu ameketi pale nyuma amempakatia mkoba, anamsikiliza!

Alibonyeza kidude cha sauti kwenye simu. Akaiweka mbele ya mikrofoni.

"Fundi," alisema. "Rudia. Nani alikupa? Rudia watu wote wasikie."

"Shemeji, una uhakika?"

"Rudia!"

"Makokha," sauti ya Kweyu ilijaa ukumbini, mpaka madirishani, mpaka nje. "Mume wako."

Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyepiga mluzi. Millicent alitoa sauti ndogo tu, akaushika mkono wa Beldina, na haikujulikana kama anataka kuuvunja au kuushikilia asianguke.

Watu wa karibu na mlango waliziba njia. Lakini Makokha hakukimbia. Aliuweka mkoba wa mkewe juu ya kiti kwa uangalifu, akaanza kutembea kuja mbele, na watu wakampisha. Alipofika katikati akasimama.

"Ni kweli," alisema. "Nilimpa mimi. Chupa zilikuwa sita, na zilikuwa na ile karatasi nyekundu ya mahakama, ya vitu vilivyokamatwa. Niliambiwa ni nzuri. Niliambiwa niziuze haraka kabla mke wangu hajarudi. Mwenyekiti, nitamtaja aliyeniletea, na nitakwenda jela pamoja naye."

Macho yake yalimpita Beldina, yakatua safu ya mbele.

"Lakini kwanza Koplo atoe mkono kwenye bunduki."